Soma Hati ya Bima Kabla ya Kufungua Madai

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na vigango



Somo la robo hii linahusu kitu ambacho parokia nyingi zinacho, lakini ni wachache wanaokisoma: hati ya bima. Zahanati zetu, magari, majengo ya shule na kumbi vimekatiwa bima kwa fedha za waamini na za wafadhili. Ada inalipwa kila mwaka, stakabadhi inawekwa kwenye faili, na hati yenyewe inabaki ndani ya bahasha mpaka siku ya msiba. Siku hiyo tunakimbilia kujaza fomu ya madai kabla mtu yeyote hajasoma ni kitu gani hasa tulichonunua.

Tunaandika somo hili kwa sababu sisi wenyewe, ofisi ya maendeleo, tulifanya kosa hilo. Tunalieleza wazi ili kamati nyingine isilirudie.

Yaliyotupata kwenye zahanati

Miaka michache iliyopita, usiku wa kuamkia Jumapili, zahanati ya kigango kimoja iliibiwa betri nane za umeme wa jua pamoja na inveta yake. Vifaa hivyo vilikuwa zawadi ya kikundi cha wafadhili, wengi wao wastaafu, waliochanga kidogo kidogo kwa muda mrefu. Paneli zilibaki juu ya bati zikipigwa jua bila kazi. Hofu yetu ya kwanza ilikuwa chanjo, kwa kuwa nyingi zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Muuguzi wa zamu alizipakia kwenye kisanduku cha baridi akazipeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Chanjo zikapona.

Kisha mmoja wetu akasema neno lililotufariji sote: "Bima ipo."

Siku ya tatu ofisi yetu iliwaandikia wafadhili kwamba wasihangaike, bima italipa. Siku ya tano kamati ilichukua betri mpya dukani kwa mkopo, ikiahidi kulipa fedha za bima zikitoka. Siku ya saba tulijaza fomu ya madai. Kwenye nafasi iliyouliza wezi waliingiaje, tuliandika: "Walivunja mlango wa stoo."

Hatukukusudia kudanganya. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, nyumba ikiibiwa tunasema imevunjwa. Lakini taarifa ya polisi, ambayo sisi wenyewe tuliiambatisha, ilisema kufuli lilikutwa limefunguliwa na halina alama ya kuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu, na mmoja haukupatikana.

Baada ya wiki sita jibu lilikuja, ukurasa mmoja tu. Kwanza, bima yetu ilikuwa ya wizi wa kuvunja: inalipa pale mwizi anapoingia au kutoka kwa nguvu, na alama za nguvu hiyo zikaonekana. Pili, maelezo ya fomu hayakulingana na taarifa ya polisi. Jambo hili la pili lilituumiza zaidi. Hasara yetu ilikuwa ya kweli, lakini tulionekana waongo.

Deni la betri likabaki. Mwenye duka alivumilia miezi mitatu, kisha akaja kuchukua mali yake. Akina mama wa kigango kile walirudi kujifungua kwa mwanga wa kurunzi mpaka baada ya mavuno, parokia ilipoweza kuchanga. Nasi tukawaandikia wafadhili barua ya pili, ngumu kuliko ya kwanza, ya kukanusha ahadi yetu.

Tulipokutana na kamati, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliinua ile hati akauliza: "Ndugu zangu, hii karatasi aliisoma nani kabla ya wizi? Na baada ya wizi, kabla ya kujaza fomu, aliisoma nani?" Hakuna aliyejibu. Maneno yaliyotunyima fidia yalikuwa kwenye ukurasa wa pili. Kuyasoma kungechukua chini ya saa moja.

Kusoma kusingerudisha betri. Lakini kungetuzuia kukopa, kungetuzuia kuahidi, na kungetuzuia kuandika neno ambalo hatukuwa tumelihakikisha. Michango ingeanza mwezi ule ule, na si baada ya miezi mitatu ya kungoja fedha ambazo hazikuwapo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuongeze kwamba hata bima isiyosomwa hupoteza mali kwa namna yake.

Kutoa taarifa na kufungua madai ni mambo mawili

Kabla ya kueleza namna ya kusoma, tuondoe hofu moja. Mtu anaweza kusema: "Tukikaa kusoma, muda utapita." Ni kweli kwamba hati nyingi zinamtaka mwenye bima atoe taarifa mara moja, au ndani ya siku zilizotajwa. Kwa hiyo msichelewe kutoa taarifa. Siku hiyo hiyo au kesho yake fanyeni haya manne:

1. Toeni taarifa polisi kama ni wizi, ajali ya barabarani au moto, na mchukue namba ya taarifa.
2. Ijulisheni kampuni ya bima au wakala wenu kwa simu, kisha kwa barua fupi. Barua iseme ni nini kilitokea, lini na wapi, na kwamba maelezo kamili yatafuata. Msikisie chanzo wala thamani.
3. Zuieni hasara isiongezeke: funikeni paa kwa turubai, hamisheni vitu vilivyosalia, wekeni mlinzi. Hati nyingi zinamdai mwenye bima aitunze mali kana kwamba hana bima.
4. Pigeni picha, andikeni majina ya mashuhuda, na msiondoe wala kubadilisha kitu ambacho mkaguzi atahitaji kukiona.

Taarifa hiyo inalinda haki yenu. Kufungua madai ni hatua ya pili: hapo mnajaza fomu, mnatia saini kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na mnataja kiasi mnachodai. Kusoma hati kufanyike kati ya hatua hizi mbili. Jioni moja inatosha. Wakae watu watatu: katibu, mweka hazina, na mtu mmoja anayeelewa Kiingereza vizuri, kwa kuwa hati nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo. Mwalimu wa sekondari anafaa sana.

Hati ina sehemu gani?

Tusichanganye karatasi. Stakabadhi inathibitisha malipo. Kavanoti na stika ya gari zinaonyesha kwamba kinga ipo. Mkataba wenyewe uko kwenye hati, na hati kwa kawaida ina sehemu nne. Kuna jedwali lenye jina la mwenye bima, mali, kiasi na tarehe. Kuna maelezo ya yanayolipwa. Kuna orodha ya yasiyolipwa. Na kuna masharti ambayo mwenye bima lazima ayatimize. Mara nyingi kuna pia viambatisho vinavyoongeza au kupunguza kinga. Someni vyote, maana kiambatisho kimoja kinaweza kufuta kilichoandikwa mbele. Kama hamna hati kamili, iombeni kwa barua kabla ya kujaza fomu yoyote.

Maswali saba ya kuiuliza hati

*1. Je, bima ilikuwa hai siku ya tukio?*

Angalieni tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha linganisheni na tarehe ya tukio. Angalieni pia kama ada ilikuwa imelipwa. Hapa Tanzania kinga huanza baada ya ada kupokelewa. Ahadi kwamba mtalipa baada ya sadaka za mwisho wa mwezi haitoshi. Kwa magari, stika inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Hakikisheni siku mnayokata bima, kwa sababu stika ya kughushi hugundulika siku ya ajali, na mnakuwa mmeshachelewa.

*2. Bima ni ya nani?*

Mali za Kanisa mara nyingi zimeandikishwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini, magari mengine bado yana jina la shirika lililoyatoa, na hati ya bima huenda ina jina la padre aliyehamishwa zamani. Anayedai anatakiwa kuwa na maslahi katika mali iliyokatiwa bima, yaani awe ndiye anayepata hasara ikiharibika. Linganisheni jina la hati na jina la kadi ya gari au hati ya kiwanja. Yakitofautiana, andaeni maelezo na vielelezo mapema, msingoje kuulizwa.

*3. Je, kitu kilichoharibika kimetajwa?*

Bima ya jengo si bima ya vilivyomo ndani. Vitanda, darubini, kompyuta na jokofu vinahitaji kutajwa au kuingizwa kwenye kiasi cha vifaa. Angalieni pia mahali. Kama hati inasema vifaa vipo zahanati kuu nanyi mmevihamishia kigangoni, kinga inaweza isivifuate. Zawadi zilizofika katikati ya mwaka ndizo husahauliwa zaidi: tunazipokea kwa shangwe na kupiga picha, lakini hakuna anayeipelekea kampuni barua ya kuziongeza.

*4. Je, chanzo cha hasara kimo kwenye hati?*

Hapa ndipo madai mengi yanapokwama. Bima hailipi hasara yoyote tu, inalipa hasara iliyosababishwa na mambo yaliyokubaliwa.

Bima ya moto ya kawaida hulipa moto na radi, na milipuko ya aina fulani. Mafuriko, dhoruba na tetemeko la ardhi kwa kawaida huongezwa kwa makubaliano maalumu na ada ya ziada. Tukumbuke tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9. Lilibomoa nyumba nyingi na kuharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Tukumbuke pia maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliyoukumba mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Mwenye bima ya moto peke yake, katika matukio ya namna hii, ana karatasi isiyozungumzia msiba wake.

Bima ya wizi, kama tulivyojifunza kwa machungu, mara nyingi ni ya wizi wa kuvunja. Wizi unaofanywa na mtumishi mwenye ufunguo, au mweka hazina anayekimbia na sadaka, uko kwenye bima nyingine, ile ya uaminifu wa watumishi.

Bima ya gari nayo ina ngazi. Bima ndogo, ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, huwalipa watu wengine mliowadhuru. Gari lenu wenyewe hailitengenezi. Ngazi ya kati huongeza moto na wizi wa gari. Bima kubwa ndiyo inayohusu pia uharibifu wa gari lenu. Tumewahi kupokea maombi ya msaada kutoka kwa kamati iliyokokota gari lililopinduka hadi mjini kwa gharama kubwa, likae gereji likimngoja mkaguzi wa bima. Bima ilikuwa ndogo. Mkaguzi hakuwa na sababu ya kuja, na gereji ikadai fedha za maegesho.

*5. Je, tumetimiza masharti, na hakuna katazo linalotugusa?*

Kwa gari, ulizeni: dereva alikuwa na leseni hai ya daraja la gari lile? Gari lilikuwa kwenye matumizi yaliyoandikwa? Pikapu iliyokatiwa bima kwa matumizi binafsi, kisha ikabeba abiria kwa nauli siku ya gulio, imetoka nje ya mkataba. Vivyo hivyo kwaya inayopakiwa nyuma ya lori kwenda kwenye maziko: jedwali linasema gari lina nafasi ngapi, na waliokaa nyuma huenda hawamo. Hili si suala la fedha tu, ni la uhai wa vijana wetu.

Kwa majengo, ulizeni kama hati inadai mlinzi wa usiku, nondo madirishani, vizima moto vilivyokaguliwa, au fedha kulala kwenye sefu. Ulizeni pia kama jengo lilikaa tupu kwa muda mrefu, kwa kuwa hati nyingi huweka kikomo cha jengo kukaa bila mtu. Na mkumbuke fomu mliyojaza siku ya kukata bima. Kama mliandika paa ni la bati na kumbe ni la makuti, neno hilo litarudi. Mkataba wa bima unajengwa juu ya ukweli kamili wa pande zote mbili.

*6. Tutapata kiasi gani hasa?*

Mambo mawili hupunguza malipo, na kamati nyingi hazijawahi kuyasikia.

La kwanza ni ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anabeba mwenyewe katika kila dai. Tuseme taa na bampa ya pikapu vinagharimu Sh 450,000, na ekses ni Sh 500,000. Hapo hakuna kitakacholipwa. Tena kufungua dai kunaweza kuwapotezea punguzo la ada ambalo kampuni nyingi humpa asiyedai. Katika hali hiyo ni afadhali kutengeneza gari kwa fedha zenu na kuacha madai. Lakini kama mtu mwingine ameumia au mali yake imeharibika, taarifa lazima itolewe hata kama dosari ya gari lenu ni ndogo.

La pili ni bima pungufu. Tuseme ukumbi ungegharimu Sh 120,000,000 kujengwa upya, lakini ili kupunguza ada mliukatia bima ya Sh 60,000,000. Upepo unaezua sehemu ya paa, hasara ni Sh 20,000,000. Wengi wangedhani watalipwa zote, kwa kuwa Sh 20,000,000 ni chini ya Sh 60,000,000. Sivyo. Kama hati ina kifungu cha uwiano, na hati nyingi za majengo zinacho, kampuni huhesabu kwamba mlikata bima ya nusu ya thamani, basi italipa nusu ya hasara: Sh 10,000,000. Ekses ikiwa asilimia 10 ya dai hilo, mtapokea Sh 9,000,000. Iliyobaki, Sh 11,000,000, ni ya parokia. Ni bora kamati ijue namba hiyo wiki ya kwanza kuliko kuigundua wakati fundi ameshapandisha kenchi.

*7. Tuna siku ngapi, na nyaraka gani?*

Andikeni kwenye karatasi moja: mwisho wa kutoa taarifa, mwisho wa kuwasilisha fomu, na nyaraka zinazodaiwa. Kwa kawaida ni taarifa ya polisi, picha, risiti za ununuzi, makadirio ya fundi, kadi ya gari na nakala ya leseni ya dereva. Daftari la mali lililotunzwa vizuri hufanya kazi yake hapa. Kisha someni taarifa ya polisi neno kwa neno kabla ya kujaza fomu. Kama ina kosa, rudini kituoni mwombe isahihishwe. Kama haina kosa, fomu yenu ifuate ukweli huo huo.

Baada ya kusoma: mojawapo ya njia tatu

Jioni ile ikiisha, kamati itakuwa imefika kwenye mojawapo ya njia tatu.

Ya kwanza: hasara imo, na kiasi kinafaa. Fungueni madai mara moja, mkitaja kifungu kinachowahusu na kudai kile tu kilichomo.

Ya pili: hasara haimo, au iko chini ya ekses. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mmesoma na kuona hivyo, kisha anzeni siku hiyo hiyo kutafuta njia nyingine. Uchungu ni ule ule, lakini hamkupoteza nauli, muda wala heshima.

Ya tatu: maneno hayaeleweki. Hapo ulizeni. Mwandikieni wakala, dalali wa bima au kampuni, mkitaja ukurasa na kifungu, na mwombe jibu la maandishi kwa lugha mnayoielewa. Jibu la mdomo la "msijali, italipwa" lisiwekwe kwenye bajeti. Wala msijikatalie wenyewe kwa sababu kifungu kimoja kinatisha. Wakati mwingine kiambatisho cha nyuma kinarudisha kilichoondolewa mbele.

Kuna njia ya nne ambayo hatuikubali kabisa, nayo ni kulifanya tukio lifanane na hati. Baada ya wizi ule, kuna aliyenong'ona kwamba kufuli lingeweza kupigwa nyundo hata siku ile, na nani angejua. Kamati ilikataa, nasi tunaishukuru mpaka leo. Dai la uongo huweza kufuta haki yote, hata ile iliyokuwa ya kweli, na ni kosa la jinai. Zaidi ya hayo, mtoto anayeona wazee wa Kanisa wakivunja kufuli lao wenyewe atakumbuka hilo kuliko mahubiri.

Kampuni ikikataa nanyi mmesoma vizuri

Aliyesoma hati anaweza kujua kama amekataliwa kwa haki. Kama jibu linapingana na hati, ombeni sababu kwa maandishi pamoja na kifungu kilichotumika, kisha jibuni kwa utulivu kifungu kwa kifungu. Mkishindwa kuelewana, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA, yenye wajibu wa kusimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Pelekeni nakala za hati, fomu, taarifa na barua zote. Anayekwenda na hasira bila nakala hurudi na hasira ile ile.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu wafadhili, mnapotuuliza kama vifaa vina bima, tumezoea kujibu "ndiyo" nanyi mkaridhika. Tunaomba mtuulize zaidi: bima ya nini, kwa kiasi gani, na ekses ni ngapi? Mkiona ada imeongezeka kwenye bajeti kwa sababu tumeongeza kinga ya dhoruba au tetemeko, msiione kuwa anasa. Nasi tunaahidi kwamba likitokea jambo, barua yetu ya kwanza itakuwa na mambo matatu tu: kilichotokea, tulichokwisha kufanya, na kile hati inachosema. Neno "italipwa" hatutaliandika mpaka kampuni imeliandika kwanza.

Wafadhili wa zahanati ile hawakutuacha. Mama mmoja miongoni mwao alituambia kwamba angeweza kuvumilia habari ya wizi. Kilichomsumbua ni kupewa faraja ambayo haikuwa na msingi. Tuliona ana haki. Leo zahanati ile ina betri tena. Stoo ina funguo mbili zinazosainiwa kwenye daftari kila zamu, na bima yake inataja wizi wa namna zote mbili. Nakala ya hati, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, iko kwenye faili la katibu na nyingine iko kwetu.

Kazi ya kamati kwa robo hii

Tunaomba kila kamati ifanye haya kabla ya toleo lijalo:

1. Toeni hati zote za bima kwenye bahasha, mziweke kwenye faili moja. Zisizopatikana, ombeni nakala.
2. Kwa kila hati, andikeni muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja kwa kufuata maswali saba ya hapo juu.
3. Linganisheni hati na daftari la mali. Ni vitu gani havimo? Ni majengo gani thamani yake imepitwa na bei za leo za saruji na bati?
4. Jadilini: kama jengo letu kubwa lingeezuliwa na upepo usiku wa leo, tungelipwa kiasi gani, na kiasi gani kingekuwa juu yetu?
5. Chagueni watu watatu watakaokaa kusoma siku ya tukio, na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kutia saini fomu ya madai, baada ya hao watatu kumaliza.

Tutumieni muhtasari mmoja tuupitie pamoja nanyi. Mkikwama kwenye neno lolote la hati, njooni ofisini nayo. Tutakaa mezani na kuisoma pamoja, kama ambavyo tungepaswa kufanya tangu siku ya kwanza.